Luhwindja Hakuna "Anza Tena"

Ukishuka kutoka soko la Kadutu kuelekea Funu, pale ambapo njia inabana kati ya nyumba za mbao na mfereji wa maji, utaona benchi refu limeegemea ukuta wa saluni ya kunyolea. Mguu wake mmoja uliondoka na mvua, mahali pake pamewekwa jiwe, na wenye kulikalia wanajua nani akinyanyuka nani ashike. Mbele yake Maman Adèle anachemsha kahawa kwenye mbabula, jiko la makaa, kahawa ya Kalehe yenye tangawizi, na kwa kuwa wateja wake ni walewale kila alasiri, haulizi tena nani anataka sukari. Yuko Anaclet, aliyekuwa mkuu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari, ambaye mpaka leo kartiye nzima, yaani mtaa wote, inamwita Préfet. Yuko David mwenye saluni, anayeitwa Mi-temps, yaani mapumziko ya mechi, kwa sababu hata mazishini hukumbusha watu kwamba mechi haijaisha. Na yuko Papa Barthélemy, mchimba dhahabu wa zamani, mguu wake mmoja umekakamaa kama mti. Huyo ni Papa Tochi, kwani alipoacha machimbo aliendelea kutembea na tochi kipajini, hata jua likiwaka. Siku hiyo mvua ilikuwa imetoka kupita na ziwa limerudi kuonekana kule chini. Mardochée akaja, akaiweka simu yake katikati ya benchi taratibu, kama mtu anayelaza mgonjwa.

— Nataka mucheze, alisema. Kila mutu mara moja. Kiisha muniambie kweli, hapana kunifurahisha.

Mardochée alikuwa kijana mpole, aliyesoma informatique, mambo ya kompyuta, na sasa akitengeneza simu za watu kwenye meza ndogo karibu na soko. Kwa miezi mingi, kila umeme uliporudi, alikuwa akijenga mchezo wake mwenyewe. Benchi lote lilijua kwamba anajenga, ila hakuna aliyewahi kuuona.

Mi-temps alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Yeye saluni yake ina televisheni na PlayStation, na vijana wakimaliza kunyolewa hubaki hapo kupigania kiti.

— Huyu mutu mwenye tochi njo miye?

— Njo weye. Unaingia mu shimo, unachimba. Ukipata zahabu, wanakupatia lampe yenye kuona mbali, wanakupatia chepeo ya kuchimbia na pampu ya maji. Na ukikuwa na vile, unaweza kushuka chini zaidi.

Mi-temps akashuka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na kila kipande cha dhahabu kilipolia ndani ya simu, naye alishangilia kwa sauti. Akapata lampe. Akapata pampu. Akapigapiga paja lake, akamwambia Maman Adèle aje aone mwanaume anavyofanya kazi. Akashuka tena, na tena, na pale alipokuwa anakaribia mwamba unaong'aa, mlima ukakohoa. Ndivyo Mardochée alivyoutengeneza: kikohozi kidogo kwanza, kisha udongo. Kioo kikawa cheusi. Maneno mawili tu yakabaki katikati: Anza Tena.

— Eh! Na zahabu yangu?

— Imepotea.

— Na lampe?

— Yote. Unaanza na mikono mitupu.

— Weye mutoto uko mubaya! Mi-temps akamrudishia simu kana kwamba imemuunguza. Mutu anashinda, anashinda, anashinda, kiisha kosa moja na unamunyanganya yote?

— Njo ile wananiambia na wale wa jury, Mardochée akasema.

Akawaeleza. Kituo kimoja cha vijana kiliandaa shindano la michezo iliyotengenezwa na watu wa hapa hapa. Waamuzi wake, hao jury, waliuona mchezo wake, wakausifu. Lakini walimwandikia kwamba adhabu ni nzito mno. Mchezaji akinyang'anywa kila kitu anakata tamaa, anauacha. Amwongezee yule mtu vie za akiba, maisha ya ziada. Akianguka, asimame palepale alipoangukia, apunguziwe kidogo tu, aendelee. Na alitakiwa kutuma mchezo uliosahihishwa leo, kabla kituo hakijafunga milango.

— Basi ongeza, kazi ni gani? Mi-temps akauliza.

Mardochée alijipangusa mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu.

Préfet akakohoa, na wote wakajua hotuba inakuja.

— Hapana ongeza kitu. Miye nilikuwa mu nidhamu, naijua binadamu. Mutoto mwenye unamusamehe anarudilia. Wahenga walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi simu yako ikuwe ulimwengu! Mutu akianguka, hata ile Anza Tena utoe. Simu ijifunge siku muzima.

— Siku muzima? Mi-temps akauliza. Na mutu akitaka kupigia bibi yake?

— Atajifunza. Na akianguka mara ya pili, simu iite mama yake. Mara ya tatu, ipigie padri wa paroisse.

— Padri atafanya nini na muchezo, Préfet?

— Adamu alikuwa na sheria moja tu, Préfet akanyanyua kidole. Moja! Akaanguka. Mungu alimupatia vie ya akiba? Alimufukuza, yeye na wenye hawakuzaliwa bado. Mutu moja alicheza vibaya, na mpaka leo sisi wote hapa tunalima na jasho. Ile njo azabu! Si hizi za jury.

Maman Adèle akacheka kidogo, akamimina kahawa. Mi-temps alikuwa ameshaudhika kwa niaba ya wanadamu wote.

— Wewe Préfet, uliharibu watoto wa watu. Sikiliza. Mu saluni yangu, mwenye kushinda anabakia ku kiti, mwenye kushindwa anatoka. Unajua kinachofikaka? Ule mwenye kubakia anazoea, anakuwa mukali. Ule mwenye kutoka anakaa inje, vidole vyake vinalala. Akirudi, anapigwa tena. Saa ya magharibi utaona ni mutu moja anacheza tangu asubuyi, wengine wote wanamuangalia. Ni mukali juu alikuwa na kiti, ana kiti juu ni mukali. Ile si muchezo, ni serikali!

— Mcheza kwao hutunzwa, Préfet akasema.

— Ile ni ya mupira, wakicheza nyumbani! Usichanganye. Miye ningeipindua. Mwenye kushinda tumufunge jiwe ku muguu. Mwenye kushindwa tumupe lampe, pampu, tumupe hata askari wa kumulinda. Kila mara akianguka, anaamuka na nguvu kuliko mbele. Wakianguka wote, wataamuka wote, itakuwa tu furaha. Kufa kwa wengi ni harusi!

Methali hiyo ikatoka kinywani mwake, ikatua katikati ya benchi, na hakuna aliyeiokota. Maman Adèle alishika birika bila kumimina. Préfet akatazama ziwa. Mi-temps mwenyewe akamtazama Mardochée, kisha akayatazama maji ya mvua yakishuka mferejini.

Kwa sababu benchi lote lilijua. Mardochée alikuwa na kaka, Christophe. Christophe ndiye aliyemlipia masomo, kwa kazi ya shimoni huko Luhwindja, na kila aliposhuka mjini alikaa papa hapa, akanywa kahawa, akawachekesha. Kisha siku moja shimo lilifunga. Wenzake waliokuwa juu walichimba kwa majembe na kwa mikono mpaka mlima ukaanza kuporomoka upya, na wakubwa wa machimbo wakasema basi, inatosha, tusipoteze na wengine. Christophe hakutolewa. Msalaba wake ulisimikwa juu ya udongo uleule uliomfunika, na mama yao hakuwa na cha kuosha wala cha kuvalisha. Tangu hapo, kwenye benchi hili, jina lake hutajwa kwa uangalifu, kama mtu anayevuka daraja bovu.

Mardochée alikuwa hajawaambia kwamba yule mtu wa mchezoni ni Christophe. Hakuona haja, alidhani wataona wenyewe. Na alikuwa hajamwambia mtu yeyote jambo lililomsumbua zaidi. Usiku wa kwanza mchezo ulipokubali kutembea, alicheza mwenyewe, mlima ukamfunika yule mtu mdogo, naye akabonyeza Anza Tena. Yule mtu akasimama mdomoni mwa shimo, mzima, taa imewaka. Mardochée alifurahi mpaka akacheka peke yake. Kisha akaona aibu, kwa sababu huko Luhwindja hakuna kitufe kama hicho. Tangu siku hiyo alipima pande mbili asipate usingizi. Akiongeza vie za akiba, kifo cha kaka yake kitakuwa kitu cha kujipangusa vumbi na kuendelea. Asipoongeza, hakuna atakayecheza, na yule mtu atabaki ndani ya simu peke yake, gizani.

— Nisamehe, ndugu yangu, Mi-temps akasema polepole. Mudomo yangu haina frein, haisimamake.

— Hakuna kitu, tonton, Mardochée akasema.

Papa Tochi alikuwa hajasema neno tangu mwanzo. Sasa akanyoosha mkono wake mpana.

— Leta ile.

Akacheza polepole, kidole kimoja, akikunja uso. Yule mtu mdogo akachimba, akapata kipande cha kwanza, simu ikalia, lampe mpya ikatokea inametameta ikisubiri kuchukuliwa. Papa Tochi akatoa kidole. Akaiacha pale.

— Chukua lampe, papa, Mardochée akamwelekeza. Hauwezi kushuka bila lampe.

— Najua.

— Sasa?

— Sasa nitakuambia kitu, mutoto wangu. Nyiye wote munasema zawadi huku, azabu kule, kama njia mbili. Miye nilizeeka mule. Shimo yangu ilipofunga na kunivunja huu muguu, nani alikuwa ndani? Wale wenye kukosa walikuwa walisharudi nyumbani na njaa yao, wako wanagombana na bibi zao. Ndani tulikuwa wenye kupata. Asubuyi tuliona zahabu, tukasema: chini kidogo tena. Kama singepata kitu ile siku, leo ningecheza mupira. Ile zawadi njo ilinishika mukono, ikanibeba mpaka ku azabu.

Préfet alitafuta methali. Hakuna iliyokaribia hapo, ila alikuwa mtu asiyependa kurudi mikono mitupu.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema kwa sauti ndogo.

— Tuliinama, Papa Tochi akamjibu. Wengine wako wameinama mpaka leo.

Kisha mzee naye akaanza kupanda mlima wake mwenyewe wa maneno. Akasema dhahabu iko na njaa. Akasema haipatikani, inachagua. Inakuona tangu ukiwa juu, inakupima, inakutumia kipande kidogo kama mvuvi anavyotumia sambaza moja, dagaa wa ziwani, kuita samaki mkubwa. Akasema kule chini kabisa, chini ya maji, iko mama ya dhahabu yote ya milima ya Mwenga na Shabunda, na kila mutu anayemezwa anageuka mushipa mupya wa dhahabu, wengine waje wamufuate. Ndiyo sababu haiishi.

— Ile si ya kanisa, Préfet akanong'ona.

— Shimo haina kanisa.

— Basi tukichimba zahabu tunachimba watu? Mi-temps akauliza, na hakuna aliyejua kama anatania.

Mardochée alichukua simu, akaifuta kioo kwa ncha ya shati. Saa ilikuwa inasonga. Alikuwa amekuja kutafuta jibu moja, aongeze au asiongeze, na sasa alikuwa na padri, serikali, na mama wa dhahabu chini ya maji.

Hapo ndipo Tatiana alipotokea kwenye ngazi za udongo, ameshika viatu mkononi, miguu imejaa tope. Alikuwa mjane wa Christophe. Baada ya msiba alihama Luhwindja akaja kuishi kwa dada yake kule Bagira, na tangu awe mjini hakuwahi kufika kwenye benchi hili, ingawa mume wake alikuwa amemsimulia habari za kila anayelikalia.

— Asinge, ba papa, akawasalimia kwa Kishi, lugha ya kwao, akiinama kidogo. Shemeji, nilikutafuta ku soko, wakasema uko huku. Nimekuya kukuambia, misa ya Christophe ni Jumapili, ile misa ya kwanza ya asubuyi. Mama anataka usome somo.

— Nitasoma, yaya, Mardochée akasema, akimwita dada kama zamani.

Alikuwa anageuka aondoke, lakini Maman Adèle alishamwekea kikombe, na mtu hakatai kikombe kilichokwisha kujazwa. Akakinywa amesimama. Macho yake yakaangukia simu.

— Ile ni nini?

Wanaume wakatazamana. Mardochée angeweza kusema si kitu. Akampa simu.

— Ni muchezo. Nimeutengeneza miye.

Tatiana akaiweka chini kahawa, akaipokea kwa mikono miwili. Mtu mdogo alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo, taa imewaka, akisubiri. Tatiana akamgusa, mtu huyo akapiga hatua moja. Akamgusa tena. Mardochée alikuwa amefanya kazi juu ya mwendo ule kuliko kitu kingine chochote: miguu iliyopinda kidogo nje, bega moja likitangulia.

— Anatembea sawa na yeye, Tatiana akasema.

— Njo yeye.

Hakulia. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeonyeshwa picha aliyokuwa anajua ipo. Mi-temps alitaka kumweleza kanuni, dhahabu iko wapi na lampe inapatikana vipi, lakini Papa Tochi akamgusa goti, anyamaze. Na Tatiana, ambaye hakuwa amewahi kucheza mchezo wowote kwenye simu, hakungoja kanuni. Akabonyeza upande wa kushoto. Yule mtu akageuka, akaupa mgongo mdomo wa shimo, akaanza kuondoka. Alitembea mpaka ukingo wa kioo. Hapo akagota. Miguu yake iliendelea kunyanyuka na kushuka, bega likitangulia, na hakwenda popote.

— Si kule, mama, Préfet akamwambia kwa upole ambao wanafunzi wake hawakuwahi kuusikia. Shimo iko upande ule mwingine. Kule njo kuko zahabu.

— Nimeiona shimo, papa.

Kidole chake hakikutoka kushoto. Yule mtu aliendelea kutembea palepale. Tatiana akainua macho, akamtazama Mardochée, kisha mmoja mmoja wa wale wengine, bila hasira, kama mgeni anayeuliza njia.

— Sasa, njia ya kurudi nyumbani iko wapi?

Préfet alisema, "Kwanza anatakiwa kushin..." na sentensi ikamfia mdomoni. Mi-temps akatazama ukuta wa saluni yake. Papa Tochi aliushika mguu wake mbovu kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Maman Adèle akaliweka birika lake chini.

Mardochée alikuwa amechora vilindi juu ya vilindi. Alikuwa amechora maji ya chini ya ardhi, nguzo za miti, kikohozi cha mlima. Alikuwa amepima kila bahati inastahili nini na kila kosa linagharimu nini, na usiku na mchana alikuwa amebishana na jury kichwani kuhusu kuanguka. Mtu wake alianzia mdomoni mwa shimo kana kwamba alizaliwa pale. Hata siku moja hakujiuliza ametoka wapi asubuhi ile, na nani alibaki akimngoja.

— Sikuiweka, yaya, akasema.

— Aa.

Simu ikatetemeka mikononi mwa Tatiana, naye akashtuka akamrudishia. Ulikuwa ujumbe kutoka kituo cha vijana: tunakaribia kufunga, tunangoja tu wa kwako. Mardochée akausoma, akausoma tena. Kisha akaandika kwamba leo haitawezekana, mchezo haujaisha, akaomba radhi kwa adabu kama alivyofundishwa, akatuma. Mi-temps aliona, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hakusema lolote kuhusu mechi.

Préfet akasogea. Papa Tochi akasogea. Jiwe la chini likayumba, Mi-temps akalishika kwa mguu, na nafasi ikapatikana. Tatiana akakaa kati yao, kahawa yake mapajani.

— Yaya, Mardochée akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa hili hakuwahi kuliuliza. Nyumba yenu ya kule, mulango ulikuwa unaangalia wapi?

— Wa mbele? Ku jua inatokea. Lakini Christophe hata siku moja hakupitaka mbele.

— Alipitaka wapi?

Tatiana aliutazama mvuke wa kahawa, kisha akaonyesha kwa mkono, kama vile nyumba iko hapo ng'ambo ya mfereji.

— Nyuma. Kwa jikoni, sababu ya matope ya miguu. Alisemaka miye nimeshafagia mbele.

Mardochée akafungua ukurasa mtupu kwenye simu, akaanza kuchora jikoni.